Lipu ya Ukuta wa Nyuma

Kila Jumatano baada ya shule, Sisimizi alifagia kanisa la zamani la mawe. Jina hilo alipewa na wanakwaya kwa sababu hakujua kutulia. Alianzia madhabahuni, akapita katikati ya mabenchi na kumalizia ukuta wa nyuma. Siku ya Alhamisi kanisa liligeuka kliniki, akina mama wakaleta watoto kupimwa uzito, kwani mtaa mzima haukuwa na jengo jingine kubwa.

Kwenye ukuta huo wa nyuma ndiko moyo wake ulikoenda mbio. Lipu ilikuwa imevimba kama mkate motoni, na chini yake, kila wiki, alikuta unga wa mawe yaliyolika. Aliuzoa harakaharaka na kwenda kuumwaga nyuma ya choo. Kisha akasogeza benchi refu ili kuficha doa la unyevu.

Lipu ile aliipiga baba yake. Mwaka uliopita fundi huyo alijitolea bila malipo, akabandua chokaa ya kale na kupiga simenti, ukuta ukang'aa. Watu walimsifu mpaka akaona haya kwa sifa. Sisimizi angeanzaje kumwambia kwamba kazi hiyo inabomoka? Na akimwambia mtu mwingine, si atakuwa amemwaibisha baba yake mbele ya watu? Basi akafunga mdomo, na usingizi nao ukamkimbia.

Wakati wa likizo, Alhamisi moja, alimpeleka mdogo wake kliniki. Mama mmoja alikuwa amemlaza mwanawe kwenye benchi lile refu, kichwa karibu na ukuta. Mara kipande cha lipu kikadondoka, pa! Kikaangukia kando ya sikio la mtoto.

"Kanisa limezeeka," muuguzi akatania. "Linapukutika kama meno yangu!"

Watu wote wakacheka. Sisimizi akaruka kusimama. Benchi lile aliliweka yeye mwenyewe!

"Tokeni hapo!" akapiga kelele. "Jamani, mama, mtoe mtoto!"

Akatoka mbio hadi alikokuwa baba yake akijenga.

"Baba, ukuta wa kanisa unaanguka. Nimekuwa nikizoa vipande na kuvitupa. Sikutaka wakucheke."

Baba alichukua mwiko wake, wakaongozana. Alipogonga ukuta kwa mpini, ulilia kama mtungi mtupu. Akabandua lipu kidogo. Nyuma yake mawe yalikuwa yamelowa, yakimeguka kwa kidole.

"Mawe haya yalizoea chokaa, maji yakiingia yanatoka," akasema polepole. "Mimi nimeyaziba kwa simenti. Maji yamenasa humo ndani."

"Utayatengeneza, baba?"

"Lipu nitaibandua. Jiwe lililooza silirudishi, mwanangu. Sina uwezo huo."

Mchungaji alifunga mlango siku ileile. Kliniki ilihamia chini ya turubai, na mvua ilipokuja akina mama walirudi nyumbani na watoto wao bila kupimwa. Sisimizi aliwatazama wakiondoka, na hakuwa na la kufanya. Jumapili waumini waliketi nje. Baba alisimama mbele yao akasema kosa ni lake. Baadhi walinung'unika, wengine wakainama tu.

Miezi ilipita. Baba aliushikiza ukuta kwa magogo, akajaza mawe mapya na kupiga chokaa, tabaka moja baada ya jingine. Hatimaye mlango ulifunguliwa. Lakini upande mmoja mawe ya kale hayakuwapo tena, na kila mtu aliuona.

"Nisamehe, baba," Sisimizi akasema.

Baba akamshika bega. "Ulitaka kunisitiri, najua. Lakini heshima yangu ingefaa nini kama ukuta ungemwangukia mtoto wa watu? Ukiona hatari, sema, hata kama aliyekosea ni baba yako."

Akaugeukia ukuta.

"Ungeniambia siku ile ya kwanza, wangenicheka wiki moja, basi. Na mawe yale yangekuwapo hadi leo."