Majina Aliyomsomea Mzee Wouter

Mutanu si mtu wa porojo, ndiyo maana nilimwamini. Huko Minto, ughaibuni, anamtunza mzee mmoja Mholanzi, Wouter, ambaye macho yake hayavumilii mwanga, hivyo mapazia hufungwa mchana kutwa. Mzee anatafuta ndugu aliye hai, hata mmoja, na Mutanu humsomea majina kutoka rejista za kale za kanisa la kwao mzee. Wote walishazikwa.

Siku hiyo, kila aliposoma jina, mbao za sakafu zililia kwenye korido, hatua moja karibu zaidi. Nyumbani walikuwa wawili tu. Akaacha kusoma.

“Mutanu,” sauti ikaita nyuma ya mlango.

Kwao Machakos, ukiitwa na usiyemwona, huitikii. Akafumba mdomo.

Mzee akamshika mkono.

“Huyu hapa,” akajibu.