Ganda la Maharage

Msimu wa maharage nyumbani kwetu Kituntu, hakuna mtoto anayetoka shule akakaa. Tunaanika maharage uwanjani, tunashika fimbo na kuyapiga mpaka mikono inakufa ganzi. Mama ana sharti moja tu: "Msipige mkitazamana. Maganda yanaruka."

Mimi na rafiki yangu Noela tulitazamana, maana umbea haunogi mkipeana visogo. Kitu kikaniingia jicho la kulia. Nilifikicha, nikaendelea kupiga.

Asubuhi jicho lilikuwa jekundu, linatiririka machozi.

"Kemigisha, nani kakufanya hivi?" Mama aliuliza.

Niliogopa kuchapwa. Nje, kibarua wetu Manirakiza alikuwa akipalilia migomba. Alitoka Burundi, hana ndugu hapa kijijini. Juzi yake alikuwa amenigombeza kwa kukanyaga miche ya kahawa.

"Manirakiza kanipiga ngumi," nikasema.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika polisi. Manirakiza alichukuliwa nikiona, jembe lake likabaki limeegemea mgomba. Nilitazama tu, moyoni sikusikia chochote. Mama alipewa fomu ya polisi, tukaenda hospitali.

Daktari wa macho, Mama Laurensia, alinidondoshea dawa ya ganzi, kisha ya rangi inayoonyesha michubuko, akamulika.

"Ngumi huvimbisha kope na kuacha weusi kuzunguka jicho," alisema. "Hapa hakuna. Naona mikwaruzo iliyosimama wima kwenye kioo cha jicho." Akapindua kope la juu, akatoa kitu kwa pamba. Kilikuwa kipande cha ganda la haragwe. "Kila ukipepesa, hiki kinakwaruza."

Mama alilitazama ganda, kisha akanitazama mimi.

"Fomu hii inasomwa mahakamani," daktari aliendelea taratibu. "Mimi naandika ninachokiona. Kuna mtu amekamatwa?"

"Manirakiza," nilijibu. "Hajanigusa. Tulipiga maharage tukitazamana."

Mama alinipeleka kituoni, nikayarudia maneno hayo mbele ya askari. Baada ya muda Manirakiza alitoka, viatu mkononi.

"Shikamoo," nilisema, macho chini.

"Marahaba." Akainama kunitazama. "Jicho linaona, mwanangu?"

Hapo ndipo ganzi iliponitoka. Nililia kwa aibu hadi askari akanipa kiti.

"Jicho lako litapona kwa siku chache," Mama aliniambia tukirudi. "Jina la mtu likichafuliwa halina dawa ya matone. Daktari kaandika alichokiona. Wewe ulisema usichokiona, na mtu angefungwa. Ukikosea, niletee kosa lako kabla halijamwangukia mwingine. Kesho tutapita kwa majirani wote, na msemaji ni wewe."

Tulipita nyumba kumi na nne. Tuliporudi, Manirakiza alikuwa ameshachukua jembe lake, anaendelea kupalilia kwenye mgomba alipoishia.