Unga wa Ochola

Nanjala wa Uthiru alikuwa na njia yake ya kumwita mtoto. Aligonga sufuria kwa kijiko, na Cate, bintiye wa miaka minne, akaja. Jina lake hakulitaja hata mara moja tangu wamzike baba mtu. Majirani walisema mama huyu amegeuka jiwe, na hawakukosea sana. Alipika, akafua, akaenda kazini na kurudi. Hakuna kilichomgusa, si kilio wala kicheko.

Mumewe, Ochola, alikuwa fundi wa rangi. Mwaka wa 2004 alikuwa juu ya ngazi akipaka nyumba ya watu rangi ya krimu kule Kitisuru, Nanjala akampigia kwa simu ya jamii, ile ya kulipia dukani, amwambie alete unga akirudi. "Ochola!" akaita. Akasikia "Eeh," kisha kishindo. Unga haukuwahi kutajwa. Tangu siku hiyo Nanjala aliamini kwamba akimwita kwa jina mtu anayempenda, mtu huyo atakufa.

Cate naye akaanza kuwa mkimya kama mamake. Mwalimu wake wa nasari alipoona hivyo, akamwelekeza Nanjala kwa mshauri mmoja mjini, Bi Nyokabi, mwenye kiofisi juu ya duka la viatu.

"Mama Cate, ngazi iliteleza," Nyokabi alimwambia. "Wewe ndio umejiambia ni sauti yako. Hiyo imani ndio inakumaliza, na inamaliza mtoto."

"Nilimwita, akaanguka."

"Haya, tujaribu. Mwite sasa. Ameshakufa, utamfanya nini tena? Mwite, umalizie ile kitu ulitaka kumwambia."

Nanjala alitazama ukuta. Hakuhisi chochote. "Ochola," akasema. "Leta unga."

Wakangoja. Barabarani makanga walikuwa wakiita abiria. Nyokabi akatabasamu.

"Umeona? Sauti ni sauti tu. Sasa ukifika nyumbani, mwite mtoto kwa jina."

Jua lilikuwa linazama alipofika. Cate alikuwa akicheza uani, nyuma ya nyumba. Nanjala akapitia ubavuni mwa nyumba moja kwa moja, akasimama, akaita.

"Cate!"

Mtoto akaja mbio, macho yakimng'aa. Nanjala akamkumbatia, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi machozi yakamtoka. Alikuwa na furaha, na furaha yenyewe ilimuuma kifuani.

"Niite tena," Cate akanong'ona.

Akamwita tena. Na tena.

"Mami, twende tupike. Baba ameleta unga."

"Nani?"

"Baba. Ameweka kwa mlango ya mbele. Amesema ulimtuma."

Nanjala akazunguka nyumba taratibu. Kizingitini palikuwa na pakiti ya unga. Ni jirani ametuhurumia, akajiambia, kama alivyofundishwa. Akainama kuiokota. Kwenye karatasi palikuwa na alama za vidole vinne, rangi ya krimu. Akazigusa. Zilikuwa mbichi.

Akageuka. Cate hakuwa nyuma yake.

Lango lilikuwa wazi. Mtoto alikuwa njiani, akienda polepole, mkono wa kulia ameuinua juu, kama mtoto anayeshikwa na mtu mrefu. Hapakuwa na mtu.

Nanjala akafungua mdomo amwite. Kisha akaufunga. Akiita, nani ataitika? Akaingia ndani mbio, akatoka na sufuria na kijiko. Akagonga. Akagonga.

Cate akasimama. Akatazama juu, upande wa kulia, kama anayeomba ruhusa. Kisha mkono ukashuka, akarudi.

Kwa Bi Nyokabi Nanjala hakurudi tena. Bado anagonga sufuria, na bado hakuna kinachomgusa. Cate sasa yuko darasa la tatu. Walimu wamechoka kumuuliza kwa nini anaandika kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia unachafua daftari kwa rangi ya krimu, na mpaka leo haijakauka.