Fomu za Kijani na Fomu Nyeupe

Wewe umepita mara ngapi mbele ya geti la kiwanda? Usinijibu, najua. Umewaona wazee kwenye foleni wameshika vyeti vyao vya hisa, ukageuza shingo, ukajiambia kwamba hayo ni mambo ya watu wenye suti. Wazee wale walisimama miaka ishirini na mitano mbele ya mashine za kufuma. Kiwanda kilipouzwa walidai, wakafukuzwa getini, wakarudi, wakadai tena, hadi wakapewa hisa. Kila hisa ni kura moja, na kura ndizo zinazoamua kama mashine zitaendelea kunguruma au milango itafungwa. Mimi sijasahau jinsi kura hizo zilivyopatikana. Basi leo usigeuze shingo. Kaa usikilize jinsi zilivyotaka kuponyoka mikononi mwa wenyewe, na msichana wa miaka kumi na mitatu aliyekuwa katikati ya jambo hilo.

Walimwita Upesi, kwa sababu alikuwa mwepesi wa kila kitu: kula, kujibu, hata kukasirika. Kila Jumamosi asubuhi alifagia ua, akaosha vyombo, kisha akamfunga shangazi yake vifungo vya gauni. Mkono wa kulia wa shangazi ulikuwa na vidole viwili tu. Vingine vilichukuliwa na mashine. Baada ya hapo Upesi alimfuata mama yake ofisini.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja kando ya geti, chenye feni linalolia na kompyuta kuukuu. Hapo ndipo kilipokuwa chama cha wafanyakazi wenye hisa, na mama yake ndiye aliyekuwa katibu. Aliyeuza hisa alijaza fomu ya kijani, aliyenunua alijaza fomu nyeupe. Kila Jumamosi katibu alijumlisha, kisha akabandika karatasi kwenye ubao wa matangazo: "Hisa zilizouzwa wiki hii." Wenye hisa waliisoma karatasi ile kama mkulima anavyoangalia mawingu.

Kwa miaka yote mama alijumlisha kwa mkono. Lakini muhula huo mwalimu wa hesabu alikuwa amewafundisha akina Upesi lahajedwali: unapanga namba zako kwenye safu, chini unaweka fomula, kompyuta inajumlisha yenyewe.

"Niachie mimi, Mama," alisema Upesi. "Wewe ukihesabu unasinzia. Kompyuta haisinzii."

"Nimesinzia lini?"

"Wiki iliyopita ulilalia kalamu. Ukaenda sokoni na mstari wa wino shavuni."

Mama alicheka, akamsukumia mafungu yote mawili ya fomu. Upesi aliziingiza moja baada ya nyingine, za kijani na nyeupe, akaweka fomula. Ikatoka namba 624.

"Mbona nyingi hivi?" mama aliuliza. "Kwa kawaida ni mia tatu na ushee."

"Fomula ndiyo imesema."

Watu walikuwa wanamgojea mama dirishani. Alitia saini, akaibandika karatasi.

Jumatatu dalali alisimama chini ya ubao. Alikuwa akimnunulia hisa tajiri mmoja aliyetaka kuyageuza majengo yale kuwa maghala. Hakupiga kelele. "Mimi sisemi kitu, wazee wangu," alisema, kidole kikiwa juu ya namba. "Someni wenyewe. Wiki zote mia tatu, sasa mia sita. Wenzenu wanatoka kimyakimya." Wala hakudanganya. Alisoma tu kilichoandikwa.

Jumatano, wakiwa wanakula, shangazi aliweka kijiko chini. "Wifi, Jumamosi na mimi nauza."

"Zako ni mia mbili na kumi," mama alisema taratibu. "Zikienda hizo, tajiri amebakiza kidogo sana kufika nusu ya kura."

"Nibaki nazo nipige kura na nani? Na kuta? Watu si wanakimbia? Umebandika mwenyewe."

Upesi aliinamia sahani yake.

Alhamisi, katika chumba cha kompyuta shuleni, mwalimu aliwaita wanafunzi wawili mbele. "Wewe muuzie mwenzako penseli tano. Haya, muuzaji aandike tano. Mnunuzi naye aandike tano. Sasa fomula ijumlishe."

Kompyuta ikaonyesha kumi.

"Penseli kumi," alisema mwalimu. "Ziko wapi?"

Mvulana wa dawati la nyuma aliinama akachungulia chini ya meza. "Mwalimu, tano zimejificha."

Darasa lilicheka. Upesi hakucheka.

"Fomula imekosea?" mwalimu aliuliza. "Haikukosea. Imejumlisha ulichoipa. Mauzo ni yale yale mamoja, ila wewe umeyahesabu kwa pande mbili. Ongeza safu ya kueleza nani ameuza na nani amenunua, kisha iambie fomula ijumlishe pale tu palipoandikwa 'ameuza'."

Hapo ndipo Upesi alipokumbuka jinsi mama yake alivyokuwa akihesabu: fomu za kijani peke yake, nyeupe anazifunga kwa mpira na kuziweka kabatini. Mkono wake ulikuwa umeizoea kazi hiyo kiasi kwamba hakuwahi hata kuieleza. Upesi naye, kwa wepesi wake, hakuuliza.

Siku hiyo hakusema. Alijiambia kwanza ahakikishe.

Ijumaa alipotoka shule alipitia ofisini. Mama alikuwa kwenye mkutano upande wa pili wa kiwanda. Upesi akaongeza safu, akabadilisha fomula. 624 ikawa 312. Ilichukua dakika mbili. Akavuta pumzi, na papo hapo wazo likamjia: aibandike tu namba ya wiki mpya, iliyo sahihi. Watu watadhani mauzo yamepungua. Nani atauliza?

Juu ya meza palikuwa na fomu ya kijani iliyojazwa asubuhi ile. Mlinzi mstaafu, yule aliyelinda geti tangu mama akiwa msichana, alikuwa ameuza hisa zake zote themanini. Upesi aliisoma mara mbili. Akazima kompyuta, akaenda nyumbani, akanyamaza.

Jumamosi alimfunga shangazi vifungo. Cheti cha hisa kilikuwa mezani, ndani ya mfuko wa nailoni.

"Mbona umekiruka kifungo?" shangazi aliuliza.

"Vidole vina baridi, shangazi."

"Baridi gani na jua hili?"

Foleni ilikuwa na watu kumi na sita, shangazi akiwa wa tatu. Dalali alikuwa ameketi kwenye benchi, kalamu mkononi. Mama alikuwa anafungua dirisha Upesi alipomshika kiwiko na kumweleza yote, haraka haraka, kwa sauti ya chini.

Mama aliliacha dirisha nusu wazi. "Umejua tangu lini?"

"Alhamisi."

"Leo ni Jumamosi."

Mama aliitazama foleni, na Upesi angefurahi zaidi kama angegombezwa.

"Toka ukawaambie," mama alisema. "Namba uliitoa wewe, mimi nikaitia saini. Nitasimama nawe."

Upesi alitoka. Alisema kwamba hisa zilizouzwa wiki iliyopita zilikuwa 312, kwamba kila mauzo aliyahesabu mara mbili, na kwamba hakuna aliyekimbia.

Fundi wa boila, aliyekuwa kwenye foleni, alikunja mikono kifuani. "Na tutajuaje kwamba ya leo ndiyo ya kweli? Pengine katibu ameona foleni, akamtuma mtoto."

Upesi alitaka kusema kwamba kompyuta haikosei. Akajizuia. Aliingia ndani, akaleta mafungu yote mawili ya fomu za wiki ile, akayaweka kwenye benchi. "Hesabuni wenyewe. Kila ya kijani ina nyeupe yake, hisa zile zile, tarehe ile ile."

Walihesabu. Fundi alisoma kwa sauti, shangazi akizipokea fomu kwa vidole vyake viwili na kuzilaza mojamoja, wengine wakijumlisha kwenye simu. Zilipokwisha za kijani, simu zote zilisema 312.

"Mimi nilisoma tu kilichoandikwa," dalali alisema akifunika kalamu yake.

"Na ulisoma kwa sauti," fundi alimjibu.

Shangazi alikirudisha cheti kwenye mfuko, akatoka kwenye foleni. Wengine kumi wakamfuata. Watano walibaki wakauza, kwa shida zao wenyewe.

Mlinzi mstaafu alifika mwishoni, akaisoma karatasi mpya iliyobandikwa ubaoni, yenye 312. "Na zangu je?"

"Fomu zikishatiwa saini pande zote mbili, mzee wangu, haziwezi kurudi," mama alisema.

"Nisamehe, babu," Upesi alisema.

"Ulijua lini?"

"Alhamisi."

"Mimi niliuza Ijumaa," alisema mzee. Hakumfokea. Alikwenda kuketi peke yake karibu na geti alilolilinda.

Tangu siku ile, wanachama wawili huzihesabu fomu za kijani kabla ya karatasi kubandikwa, na chini ya jumla huandikwa jinsi ilivyopatikana. Mwezi uliofuata wazee walipiga kura, na mashine zikabaki.

Lakini jioni ile ya Jumamosi mama alimketisha Upesi mbele ya kompyuta iliyozimwa. "Kukosea tulikosea wote. Sikukueleza, hukuniuliza, na hilo limerekebishwa kwa dakika mbili. Zilizotuumiza ni zile siku mbili za kunyamaza. Zimekula hisa themanini za mzee yule, na hakuna fomula ya kuzirudisha. Ukigundua umekosea, mwanangu, usianze na mashine. Anza na watu wanaoumia, na uanze siku hiyo hiyo."

Na wewe unayesoma, kuna kosa unalolijua wewe peke yako, na kuna mtu linayemgharimu wakati huu. Jina lake limeshakujia kichwani. Weka kitabu chini, inuka, ukamwambie sasa.