Sindano za Ngone

Mwanamke wa Kaolaki akichanjwa midomo halii. Hata kope hapepesi. Wenzake hupiga vigelegele, yeye hulala kama gogo mpaka masizi yaingie na midomo iwe myeusi. Soda, mke wa Birama, alivumilia nusu. Kisha akapiga yowe lililotimua kuku uani, akamng'ata fundi kidole, akatoka mbio na kiatu kimoja, mdomo wa chini mweusi kushoto, mwekundu kulia.

"Kondoo wa kuchinjwa Tabaski ana staha kukushinda!" alifoka Mama Takko, fundi mwenyewe, akinyonya kidole.

Vicheko vilimsindikiza hadi kwake. Ila kilichomuuma Soda si sindano. Alikuwa na kinyongo na Ngone, mke wa kwanza wa mumewe, aliyekufa miaka minne nyuma. Birama hakunywa chai bila kusema, "Ngone alikuwa na mdomo mzuri, jamani!" Soda alitaka usemwe wa kwake. Kwa Mama Takko kila mwanamke ana sindano zake. Soda, kwa wivu, aling'ang'ania achanjwe kwa zile za marehemu.

"Zilimpendeza yeye, zitanishinda mimi?"

Siku ya tatu, upande usiochanjwa uliwasha. Malengelenge yakatoka, yakapasuka, yakawa vidonda. Vikapona. Birama akamtaja Ngone, vikarudi, safari hii mpaka kidevuni. Akamtaja tena. Shingoni.

"Marehemu ananila," Soda alimnong'oneza Marietu, muuguzi wa zahanati.

"Ni kirusi, dada. Huingia kwa busu, kwa kikombe, kwa sindano ya kuazima. Kidonda kinapona, kirusi chenyewe kinalala ndani ya mishipa ya fahamu. Jua kali, homa, hasira, kinaamka. Ukisikia tu kuwasha, anza vidonge. Usichangie glasi, usibusu mtoto mchanga."

"Na wivu je?"

"Huo ndio jogoo wake. Na sina kidonge chake."

Soda alicheka, kwa mara ya kwanza tangu aibu ile. Akameza vidonge. Vidonda vikakauka.

Ijumaa mchana, gamba la mwisho lilidondoka kwenye bakuli la uji. Birama aliinua macho. Akatabasamu, tabasamu ambalo Soda hakuwahi kupewa.

"Umerudi," alinong'ona.

Soda alikimbilia kioo. Upande wa kulia ulikuwa mweusi. Wote. Laini. Hakuna mkono uliougusa.

Akasugua kwa sabuni. Kwa limau. Kwa mchanga. Damu ilitoka. Weusi haukutoka.

Alimkuta Mama Takko akipepeta mtama uani.

"Mama, nani amenimalizia?"

Fundi alimshika kidevu. Kidole chenye kovu la meno kikapita taratibu mdomoni, kikakoma kwenye kidoa kidogo cha pembeni, mahali sindano iliwahi kumteleza miaka mingi nyuma. Akaurudisha mkono haraka, akaufuta kwenye kanga.

"Mdomo huu niliuchanja mimi, nikauosha mimi, ukazikwa. Toka uani kwangu."