Nilibonyeza "Ndiyo", Nikamfungia Mjukuu Wangu Mlango

Nina miaka sitini na tisa. Mume wangu alishatangulia, na shule niliachia darasa la tatu kwa sababu kulikuwa na mbuzi wa kuchunga. Lakini msinicheke! Simu naijua. Kule kwetu Homa Bay, akina mama wa kanisa wakitaka wimbo au mahubiri wanakuja kwangu, si kwa wasichana wao waliosoma.

Aliyenifundisha ni mjukuu wangu, Atieno. Alinifungulia akaunti kwa ile programu ya kuweka linki. Ukiona kitu kizuri kwa mtandao unakihifadhi huko, na siku ukikitaka unakikuta. Mimi niliweka nyimbo za dodo, ile ngoma ya akina mama wa Kiluo, mahubiri, na dawa ya kuku wanaosinzia. Yeye alikuwa na akaunti yake, na akaiwekea namba yangu ya simu iwe mlinzi. Mtu akitaka kuifungua, lazima mimi nikubali kwanza.

Atieno amebeba jina langu. Kwetu Waluo, mtoto akibeba jina lako, huyo ni wewe umezaliwa tena. Ndiyo maana tulikuwa tunaitana Nyinga, yaani jina langu. Akisifiwa, nimesifiwa. Akiumwa tumbo, naguna mimi!

Aliolewa na Ouma, mfanyabiashara wa ng'ombe, anayenunua kule soko la Ogwedhi na kuuza Migori mjini. Mwanamume mtanashati, mdomo wa asali. Alileta mahari bila kusukumwa. Nilimtangaza kanisani mpaka wenzangu wakachoka kunisikia. Niliringa jamani... niliringa!

Goti langu lilipopasuliwa, Ouma mwenyewe alikuja kunichukua nikakae kwao Suna, pale Migori, karibu na kliniki. Akaninunulia simu mpya. Na utani ndio usiseme! Mjukuu-mkwe na bibi wanataniana, hiyo ni ruhusa. Alikuwa ananiita mke mkubwa.

"Mke mkubwa, leo umenipikia nini?"

"Nikupikie na mguu gani, mume mzembe wewe? Nenda kwa yule mke mdogo!"

Tunacheka mpaka machozi. Atieno hakuwa akicheka. Nilimwona amekonda, nikadhani ni mimba. Nilimuuliza, akasema ni uchovu tu. Je, mimi mzee mzima sikuona vile alivyoshtuka geti likigongwa? Niliona. Lakini nilikuwa nimeshamsifu huyo mtu sana... ningerudi vipi kuyala maneno yangu?

Basi siku moja asubuhi, Atieno ameenda posho mill kusaga mahindi, Ouma akakaa kando yangu. Akaniambia ile programu yangu ya linki imeleta mambo mapya kwa akaunti. Sasa unaweza kubadilisha picha, unaweza kuingia kwa simu nyingi, na kama mtu mmoja ana akaunti mbili, anaziunganisha zinakuwa moja. Aliishika simu yangu, akabonyeza hapa na pale, kisha akanionyesha swali.

"Mke mkubwa, inauliza kama hawa Atieno wawili ni mtu mmoja. Sasa mimi niwajibu nini?"

Nilicheka! "Kwani tangu lini tumekuwa wawili? Lete hapa!"

Nikabonyeza "Ndiyo" kwa kidole changu mwenyewe.

Wenzangu... vitu vya Atieno vikamwagika kwa simu yangu kama mahindi yaliyotoboka gunia. Vyumba vya kupangisha mji wa mbali. Kazi za kushona. Mawakili wanaosaidia wanawake. Na moja ilikuwa na kichwa kikubwa hata mimi wa darasa la tatu nilikisoma: namna ya kumwacha mume anayekupiga bila yeye kujua.

Nilitaka kuificha simu kwa leso, lakini Ouma alikuwa ameshaichukua. Akasoma polepole, huku anatabasamu. Akasema tu, "Asante, mke mkubwa."

Aliporudi Atieno na unga wake, Ouma alimpokea kwa upole. Akachukua simu yake. Akachukua kitambulisho chake. Akabadilisha neno la siri la akaunti, ikawa yake. Aliponirudishia simu yangu, nilitafuta mahali pa kuzitenganisha, nikabonyeza mpaka kidole kikauma. Programu ikajibu kwamba zikishaungana haziwezi kurudi nyuma.

Kutoka siku hiyo geti lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Ouma. Mimi na fimbo yangu ningefika wapi? Simu nilikuwa nayo, lakini kila nilichofungua yeye alikiona kwa simu yake. Wimbo nikiusikiliza, jioni anauimba akila! Niliogopa hata kusalimia mtu. Mbele yangu hakumpiga Atieno. Alifunga mlango wa chumba kwanza... na ukuta wa nyumba ile ni mwembamba.

Siku moja nikiwa naogeshwa, nilimshika Atieno mkono nikaomba msamaha. Hakunitukana. Aliniambia kwamba mimi ndiye nilikuwa mlango wake wa nyuma, mtu pekee ambaye yeye alimwamini kuliko ukuta. Kisha akasema, "Geuka, Dani, nikuoshe mgongo." Dani. Bibi, si Nyinga tena! Kama bibi yeyote wa barabarani. Afadhali angenichapa kofi.

Hapo nikasema hapana! Nilijilaza kitandani. Nikakataa uji, nikaanza kuwaita waliokufa kwa majina, nikamwita na marehemu mume wangu anitandikie. Ouma alipokuja kuchungulia, utani ulikuwa umemtoka.

"Nitafia hapa," nilimwambia. "Bibi wa mke wako afie kwa nyumba yako. Mkosi huo utaupeleka wapi, na hao ng'ombe wako?"

Kwetu hilo ni mwiko, si jambo dogo. Ouma ni mjanja, lakini ni mtoto wa Kijaluo. Alitafuta gari mara moja. Nikamuuliza nani atanibadilisha nguo njiani, yeye? Kwa aibu akakubali Atieno ndiye anisindikize. Nikasema hospitali ya Homa Bay itataka kitambulisho cha anayenileta. Akatoa cha Atieno mfukoni, akamwamuru arudi na gari hilohilo.

Gari lilirudi Suna tupu.

Ouma alikuja Homa Bay mara nyingi kunifokea, siku nyingine analia, siku nyingine na wazee. Kila mara aliondoka mikono mitupu.

Mabibi wenzangu, na nyinyi wasichana mnaowasomea haya, nawasihi! Mambo mapya yakiletwa kwa akaunti yako, usikubali kabla ya kumuuliza yule mnayeunganishwa naye. Mjukuu ni damu yako na jina lako, lakini siri yake si yako. Na mkwe akikuchekesha, cheka, lakini kidole kiweke mfukoni.

Mnauliza Atieno yuko wapi? Hupiga kwa namba ngeni, ananiambia anakula vizuri, anakata simu. Hajawahi kunitajia mji, na mimi sijauliza. Sitaki kuujua. Nikiujua, kuna siku mtu mtamu atakaa kando yangu anichekeshe... na mimi nitajibu.