Majina Yaliyokatwa

Foleni ya kujiandikisha kupiga kura ilitoka mlangoni, ikazunguka kona ya jengo na kufika hadi kituo cha basi. Mvua ya Februari ilikuwa nyembamba na baridi. Wakongo wa Brussels walibanana chini ya miamvuli, vitenge vikichungulia chini ya makoti, wakiongea juu ya rais, kodi ya nyumba na vita ya Kivu kwa pumzi moja.

Darlène alikuwa ametoka kazini Uccle, anakotunza wazee. Chini ya koti lake la kijani bado alikuwa na sare nyeupe. Alikuwa akiinua mguu mmoja, anaushusha, anainua mwingine.

"Dada, unacheza ama unaumwa?" mtu akauliza nyuma yake.

Aligeuka. Alikuwa kijana mrefu mwenye kofia nyekundu ya sufu. Waya ulining'inia mfukoni mwake, na mkononi alishika kiti kidogo cha kukunja.

"Miguu inauma tu, papa."

"Bon, ikala. Hii kiti ni ya kazi, minapigaka muziki kwa ndoa. Imezoea wajomba wanene. Wewe haitakusikia hata."

Darlène akacheka, akaketi. "Na wewe?"

"Mi nitasimama nyuma yako kama garde du corps. Jina ni Josias, wa Lubumbashi. Kama muntu anakusukuma, unaita."

Darlène akatoa simu, akaisogeza mdomoni kurekodi ujumbe wa sauti. "Maman, leo watu wawili wamenifanyia vizuri. Nathalie wa kazi amenipa chai. Na Josias wa Lubumbashi amenipa kiti kwa foleni."

"Eh, tayari unanipeleka kwa mama yako?"

"Usijisikie sana," akasema Darlène. "Njo desturi yetu. Kila vocal inaanza na majina ya wenye walitusaidia. Mama iko kambini Goma, vita ilimufukuza kwetu Masisi, lakini hajawahi kuacha."

Josias hakutania tena. Alifungua mwamvuli wake, akaushika juu ya kichwa cha Darlène mpaka walipofika mlangoni, na bega lake moja likalowa kabisa.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Jumapili walitembea kwenye bustani ya Basilika ya Koekelberg, jirani na chumba cha Josias ambamo spika kubwa zilikuwa zimechukua nafasi ya kabati. Jioni Josias alimpigia simu Darlène nyumbani kwake Evere.

"Chérie, umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Mkate."

"Mkate si kula. Fungua mlango, niko chini na samaki."

Maman Thérèse, mama yake Darlène, naye akaanza kumtumia Josias ujumbe wa sauti moja kwa moja, akimwita mkwe wangu. Ikapangwa kwamba Januari, kelele za uchaguzi zikiisha, wajomba wa Josias waje kujitambulisha kwa ndugu za Darlène. Darlène alikwisha kununua kitenge cha manjano chenye maua ya bluu, akampelekea fundi.

Novemba kampeni ikapamba moto. Josias aliajiriwa kupiga muziki kwenye mikutano ya kamati moja iliyoongozwa na Bwana Séraphin, mtu wa suti ya bluu na kitambaa cha hariri mfukoni. Jumamosi moja mkutano ulifanyika katika ukumbi karibu na Koekelberg. Darlène alijipamba, akavaa gauni jekundu la mikono mirefu, akambebea Josias bakuli la fufu na sombe. Aliingia wakati taa zinapunguzwa.

"Ndugu zangu," alisema Séraphin, "nyamazeni kidogo. Sikilizeni mama wa Masisi, mwenye hatapiga kura sababu ya vita."

Spika zikakohoa. Kisha ikasikika sauti ya Maman Thérèse.

"Shitingi ya hema imepasuka. Mvua inaingia usiku, nalala nimekaa. Hakuna mutu anatuona."

Ikakatika hapo. Ukumbi ukasimama. Wanawake walilia kweli, na Séraphin akaliita jina la mgombea wake, watu wakaliitikia wakipiga makofi.

Darlène aliujua ujumbe ule neno kwa neno. Mama alikuwa ameutuma kwa Josias, naye Josias alimsikilizisha wakila samaki. Ulianza hivi: leo jirani yangu Waziri amenifanyia vizuri, amekata nusu ya shitingi yake akanipa. Na Maman Cécile amenipa nafasi ya kukausha kuni. Halafu ndipo mvua. Halafu: nilikuwa nasema hakuna mutu anatuona, kumbe Waziri alikuwa ameniona.

Aliweka bakuli mezani, kando ya mashine za Josias.

"Waziri iko wapi?"

"Chérie, ngoja..."

"Naulizia Waziri. Na Maman Cécile."

"Séraphin alisema iko murefu, watu hawavumilii. Alors nikapunguza."

"Umepunguza watu. Umebakisha machozi tu."

"Nilitaka wamusikie," Josias akasema, mkono wake ukitafuta mkono wa Darlène bila kuupata. "Hapa haina muntu anaongea juu ya Masisi. Nikasema, donc, kama hatapiga kura, angalau sauti yake ifike."

"Uliomba ruhusa? Kwangu? Kwake?"

Josias akaanza kukunja waya.

"Séraphin amekuahidi nini?"

"Kazi," akajibu polepole. "Kama wanashinda."

"Josias, mama alikuwa anaongea na wewe kama mutoto wake. Hakuwa anaongea na mkutano."

Alitoka. Kwenye tramu mwanamke asiyemjua alimwona anavyolia, akamsogezea karatasi laini bila kuuliza kitu.

Lakini lililokuja baadaye lilikuwa baya zaidi. Watu waliurekodi mkutano kwa simu, na baada ya siku chache sauti ile ilikuwa imefika Goma, ikaingia kambini. Maman Thérèse alipiga mwenyewe.

"Darlène, Waziri amekuja kwa mlango yangu. Hakukasirika. Aliniuliza tu: 'Thérèse, mi sikukuona?' Nikaanza kumweleza, akaenda. Watoto wake walikuwa wananiletea maji kila asubuhi. Sasa hawakuji."

"Maman, haukukosa kitu."

"Najua. Lakini hapa tunaishi na majirani, mwanangu. Hatuna kitu ingine."

Darlène akampigia fundi kumwambia asishone kitenge. Akawaambia ndugu zake kwamba Januari hakuna wageni. Josias alipiga simu kila jioni. Alijibiwa mara moja tu.

"Darlène, nisamehe."

"Si mimi ulikata jina."

Simu ikafungwa.

Siku ya kura ilikuwa Desemba. Foleni ilizunguka kona ile ile. Darlène alisimama na koti lake la kijani, akifikiria kwamba kule kwao hakuna hata sanduku la kura litakalofunguliwa. Kofia nyekundu ikaja polepole pembeni ya foleni. Josias alikuwa amekonda. Alikifungua kiti, akakiweka chini, akarudi nyuma hatua moja.

"Siombi kitu," alisema. "Nimekuja kukuambia tu. Nilimupigia mama, nikaomba anipatie Waziri."

Darlène hakugeuka, ila hakusogea.

"Nikamwambia, papa, mi njo nilikata jina yako. Akaniuliza: 'Kijana, ulikuwa na njaa?' Nikasema hapana. Akasema: 'Basi sielewi.' Akakata."

"Na wewe?"

"Nilipiga tena kesho yake. Akasema: 'Rudisha penye uliharibu.' Séraphin alikatalia. Alors mkutano wa mwisho, watu wanavaa makoti, nikaweka sauti ya mama yote, ya kuanza mpaka ya kuisha. Séraphin akanifukuza pale pale. Wengi walikuwa wameshatoka. Wamama wachache walibaki, wakarekodi, wakatuma."

Darlène alikumbuka simu ya asubuhi. Mama alisema watoto wa Waziri wamerudi na maji, wala hakusema sababu.

"Na ile ya kwanza?" akauliza. "Yenye imekatwa?"

"Ile inaendelea kutembea. Siwezi kuirudisha."

"Hapana, hauwezi."

Miguu ilimuuma. Alikitazama kiti kwa muda mrefu, kisha akaketi.

"Darlène, Januari..."

"Usiniulize Januari."

Akatoa simu, akaisogeza mdomoni. Josias alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Maman, leo watu watatu wamenifanyia vizuri. Chloé wa kazi amechukua zamu yangu nipate kuja. Papa mumoja wa mbele yangu amenishikia nafasi nikienda choo. Na kuna kijana amenipa kiti kwa foleni."

Josias alisubiri. Darlène naye alisubiri, kidole kikiwa bado juu ya simu, kama mtu anayeonja chumvi. Kisha akakiinua kidole, na ujumbe ukaondoka kwenda Goma bila jina.

Watu wa mbele wakaanza kusogea. Darlène akasimama, akafunga koti lake.

"Foleni inaenda," alisema. "Beba kiti yako."